Nauziwa daladala yangu mwenyewe

Jamaa kanifuata inbox, mambo vipi kaka, nina faili kali la daladala ya matofali ya Lego, unafungua kwenye kompyuta unaona tofali moja moja, elfu kumi tu. Kucheki picha, heee, si daladala yangu hii jamani! Yangu ya njano, yake nyekundu, tofauti imeishia hapo.

Mimi niliibuni nikaiachia bure, leseni ya Creative Commons ile ya badili upendavyo ila nitaje jina, sema ulichobadili, na usiuze. Nikajifanya mteja, nitumie basi niikague. Akatuma, wala hakuuliza mara mbili.

Sasa faili za LDraw, ule mfumo wa kujenga Lego kwenye kompyuta, ni maandishi tu, hata Notepad inafungua, kila kipande mstari wake na rangi ni namba, 14 njano, 4 nyekundu, na juu kabisa kuna mstari wa mtunzi. Jamaa kaiambia kompyuta kila penye Juma, jina langu, weka Hamisi, jina lake, kamaliza, kalala. Hajui mle ndani huwa najiandikia vikumbusho. Nakuta "mlango wa konda kurekebisha Hamisitatu", nashuka chini, "siti za nyuma Hamisipili baada ya mechi". Nilicheka mpaka shemeji akatoka jikoni na mwiko kuuliza kulikoni.

Nikambana. Hana hata aibu: "Kaka rangi nimebadili mimi, na kwani tofali ulibuni wewe?" Hapo kidogo alinipata, maana tofali lenyewe Lego waliliombea hataza Denmark 1958, na vipande vya kwenye kompyuta nimechukua maktaba ya LDraw. Ila maktaba inaruhusu mradi utaje, halafu fungua tofali namba 3001, lile la vinundu vinane, utamkuta James Jessiman, Mwaustralia aliyeanzisha mambo haya 1995. Kafariki 1997 jina lipo palepale, mimi niko hai nakula chipsi nishafutwa!

Akasema yaishe kaka, naweka majina yote mawili. Faili likarudi, kafanya mchezo uleule, kila Hamisi kaweka "Hamisi na Juma". Mlango wa konda sasa utarekebishwa Hamisi na Jumatatu, na taa za mbele, ambazo mwanzo zilikuwa zimesalimika, zitafungwa AlHamisi na Juma.

Na bei imepanda, elfu kumi na tano, eti mafundi sasa ni wawili.