Supu ya Kuku na Uaminifu kwa Kitabu

Sehemu moja ya katuni ya Batman: The Animated Series, iliyorushwa Marekani mwezi Septemba 1992 kwa jina la "Heart of Ice", inafunguka na tufe dogo la kioo lenye sanamu ya msichana anayecheza densi. Vipande vyeupe vinamwangukia kama theluji, huku sauti ya mwanamume, kavu na isiyopanda wala kushuka, ikizungumza naye kana kwamba anasikia. Mwanamume huyo ni Mr. Freeze. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila ninapowasikia watu wakibishana kuhusu filamu mpya ya shujaa fulani, kama imefuata kitabu cha hadithi za picha alikotoka au imekisaliti, mawazo yangu hurudi kwenye tufe hilo.

Mr. Freeze alizaliwa katika vitabu vya Batman mwaka 1959, tena kwa jina jingine, Mr. Zero. Alikuwa mwizi mwenye bunduki ya barafu, na zaidi ya hapo hakuwa na jambo la kumfanya msomaji amkumbuke. Jina la Mr. Freeze alilipata kwenye tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1960, lakini alibaki mhalifu wa kuchekesha. Ndipo mwandishi Paul Dini na mwongozaji Bruce Timm walipompa jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo, yaani sababu. Katika simulizi lao yeye ni Victor Fries, mwanasayansi ambaye mke wake, Nora, anaugua ugonjwa usio na tiba, naye anamhifadhi katika baridi kali akisubiri dawa ipatikane. Mkuu wa kampuni anayomfanyia kazi anaona jaribio hilo linamla fedha, anaagiza lizimwe, na katika purukushani ile Fries anajeruhiwa kiasi kwamba tangu siku hiyo hawezi tena kuishi nje ya baridi. Mambo yote hayo yanasimuliwa kwa takribani dakika ishirini na mbili, na sehemu hiyo ilipata tuzo ya Emmy kwa uandishi. Baadaye vitabu vyenyewe vilimchukua Mr. Freeze huyu mpya, na yule wa zamani akasahaulika.

Kwa kipimo cha uaminifu kwa kitabu, "Heart of Ice" ilipaswa kuhukumiwa, kwa maana karibu kila kilicho muhimu ndani yake hakikuwamo kitabuni. Hapo ndipo ninapotofautiana na mashabiki wengi wenzangu. Wanauliza kama kazi mpya imefanana na ya zamani. Mimi naona tuulize kama waliomhamisha mhusika wamemwelewa kiasi cha kumwongezea kitu ambacho hata kitabu kingefurahi kukipokea.

Mfano wa upande wa pili uko karibu. Mwaka 1997 filamu ya Batman & Robin ilimleta Mr. Freeze kwenye sinema kubwa, akiigizwa na Arnold Schwarzenegger, na simulizi lake lilikuwa lilelile: mke ni Nora, ugonjwa upo, baridi ipo. Hakuna lililosahauliwa isipokuwa huzuni yenyewe. Karibu kila anapofungua kinywa ni mzaha juu ya barafu, na mtazamaji anayetakiwa amwonee huruma mtu huyu hapewi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Katika katuni, Michael Ansara alitoa sauti iliyoondolewa karibu kila dalili ya hisia, na kwa sababu hiyo machozi ya mwisho yanapotoka yanaumiza. Ukweli wa maisha ya mhusika unaweza kunakiliwa wote bila kupungukiwa na hata neno, na mhusika mwenyewe asiwepo.

Wengi wetu tuliokulia Tanzania tulizijua filamu za namna hii kwenye vibanda umiza, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti za waigizaji. Mtafsiri aliyejaribu kufuata neno kwa neno aliachwa nyuma na picha, akawa anaeleza ngumi wakati adui ameshazikwa. Mtafsiri hodari alisikiliza sentensi tatu, akashika maana, akaisema kwa Kiswahili cha watu waliokuwa mle ndani, na banda lote likatulia. Nadhani nilijifunza pale, kabla sijajua kwamba najifunza, kazi ya kumhamisha shujaa kutoka chombo kimoja kwenda kingine inavyotakiwa kufanywa.

Jambo hili si geni kwa mashujaa hawa. Superman alipotokea kitabuni mwaka 1938 hakuwa na uwezo wa kupaa. Alikuwa akiruka kwa miguu kupita juu ya majengo na kushuka upande wa pili. Studio ya Fleischer ilipoanza kumtengenezea katuni fupi za sinema mwaka 1941, ilionekana kwamba kurukaruka huko hakupendezi katika picha zinazotembea, basi Superman akapaa. Mawe ya kryptonite, yanayomwondolea Superman nguvu, ambayo leo hata asiyewahi kushika kitabu cha Superman anayajua, yalianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943. Ukimwondolea Superman kila alichopewa na redio na sinema, utabaki na mtu ambaye wengi wetu tusingemtambua. Harley Quinn, mhalifu wa kike katika hadithi za Batman, naye hakutoka kitabuni kabisa. Alibuniwa mwaka 1992 kwa ajili ya katuni ileile ya Batman, akaingia kwenye vitabu mwaka uliofuata.

Wapo watakaonijibu kwamba uhuru wa namna hii umeharibu kazi nyingi, na sitabisha. Lakini tazameni Watchmen, nayo iliyoanza kama kitabu cha picha. Filamu ya mwaka 2009 ilijitahidi mno kufuata michoro ya Dave Gibbons, mchoraji wa kitabu hicho, hata mahali pengi unaona ukurasa umesimamishwa mbele yako, na ingawa ilibadilisha sehemu ya mwisho, jitihada yake kubwa ilikuwa kufanana. Niliimaliza nikiwa nimeona kila kitu na sikuguswa na chochote. Miaka kumi baadaye ikaja tamthilia ya televisheni yenye jina hilohilo, nayo ikaanzia Tulsa, Oklahoma, mwaka 1921, siku makundi ya wazungu yalipovamia mtaa wa watu weusi wa Greenwood, yakaua na kuchoma moto. Katika kitabu kuna shujaa aliyefunika uso, anayevaa kamba ya kitanzi shingoni, na hatuelezwi kwa uhakika ni nani. Tamthilia inamwonyesha kuwa polisi mweusi, mtoto aliyenusurika Tulsa, ambaye polisi wenzake wazungu walimfunika kichwa na kumtundika mtini, wakamshusha akiwa bado hai kama onyo. Alitembea kuelekea nyumbani kamba ikiwa bado shingoni. Baada ya kuona hayo nilirudi kwenye kitabu, na kitanzi kile, ambacho nilikuwa nimekipita miaka yote kama pambo la vazi, sikuweza tena kukitazama kwa macho yale ya zamani.

Naamini uhuishaji ndio umeifanya kazi hii vizuri kuliko filamu za waigizaji halisi, na sababu si ngumu kuiona: mkono uliochora kitabu na mkono unaochora katuni ni ndugu. Wasanii wa Batman, wakiongozwa na Eric Radomski, walichora mandhari ya mji wa Gotham juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, wakawa wanaongeza mwanga pale tu ulipohitajika. Giza la mji huo halikupakwa. Lilikuwepo tangu mwanzo, na kila taa ya barabarani ilibidi ipiganie nafasi yake. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018, iliyopata Oscar ya filamu bora ya katuni, ilikwenda mbali zaidi. Ilirudisha vitone vya rangi vya uchapaji wa zamani, ikaandika mawazo ya Miles Morales, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, hewani kama ukurasani, na katika baadhi ya matukio ikamchora Miles kwa picha kumi na mbili kwa sekunde wakati Peter, mwalimu wake, anakwenda kwa ishirini na nne. Kijana anaonekana hajakomaa hata kabla hajasema neno.

Filamu za waigizaji halisi nazo zina zawadi zake. Ukurasa hauna sauti, na kwa miongo mitano T'Challa, yaani Black Panther, alikuwa mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika ambaye hatukuwahi kusikia lugha ya nyumbani kwake. Mwaka 2016 mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini, akiigiza kama baba yake, alizungumza naye kwa Kixhosa, na tangu hapo Wakanda ikawa na lugha inayosikika. Nilitamani ingekuwa lugha ya upande wetu, sikatai, lakini nilifurahi kwamba haikuwa ya kubuni.

Kinachonisikitisha ni kwamba bado watu wazima wengi wanaiona katuni kuwa kitu cha kuwatuliza watoto wakati chakula kinapikwa. Mwezi uliopita nilimwonyesha mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi, "Heart of Ice". Alicheka pale Batman, akiwa na mafua, anapotumia chupa ya chai iliyojaa supu ya kuku ya moto kupasua kioo cha kofia ya Mr. Freeze. Kisha ikaja picha ya mwisho: chumba cha gereza kilichogandishwa, tufe lile la kioo mkononi, na machozi. Hakucheka tena. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo mke wake alikufa?"

Nilimwambia kwamba ipo filamu nyingine ya katuni, ya mwaka 1998, inayoendeleza katuni hiyohiyo, ambayo inalijibu swali lake, na kwamba nisingependa kumharibia. Aliniletea rimoti.