Mtaka cha Mvunguni

Mama mkwe wangu alitua Minneapolis, jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, wiki ya mwisho ya Desemba akiwa na baibui, ndala za ngozi na soksi. Nje ilikuwa digrii 24 chini ya sifuri. Tulipotoka uwanja wa ndege alivuta pumzi moja, akaisitisha katikati, akaniuliza, "Baba Idi, hiki mlichokifuata huku ni kipi hasa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.

Kwao ni Pangani, ambako mtu akisema leo kuna baridi ana maana kusi inavuma na kanga ya pili ameisahau nyumbani. Kwa wiki mbili alikaa juu ya kochi, miguu ameielekeza kwenye tundu la hita. Siku tuliyompitisha karibu na ziwa akawaona watu wazima wamekaa juu ya barafu, wametoboa tundu, wanavua samaki. Akawaombea dua mpaka tunafika nyumbani. Siku ya kumi na tano akamwita binti yake chumbani: anarudi. Viza ina miezi mitano, damu yake haina.

Mke wangu ndiye aliyekumbuka ndege wa theluji. Hao si ndege. Ni wazee wastaafu wa majimbo ya kaskazini ambao baridi ikibisha hodi wanapanda magari-nyumba yao, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, wanateremka Florida, Texas na Arizona, na hawaonekani tena mpaka Aprili. Tukaamua na sisi tuwe ndege kwa wiki tatu. Kukodi gari-nyumba Minnesota mwezi wa Januari ni rahisi kuliko unavyodhani, na hapo ndipo nilipotakiwa kujiuliza kwa nini.

Mwenye gari alinipa somo la dakika ishirini, nje, tumesimama kwenye theluji. Nakiri mapema ili nisisumbuliwe baadaye: sikusikia kitu. Masikio yalikuwa yameganda. Kila alipotulia nilisema "yes", na kila niliposema "yes" alifurahi akaendelea. Nilichoambulia ni maneno matatu: pinki, nyeusi na kamwe.

Pinki ni dawa waliyojaza kwenye mabomba ili yasigande yakapasuka. Maana yake ni kwamba mpaka ufike penye joto hutumii maji ya bomba, na choo unakisukuma kwa kumiminia dawa hiyo hiyo kutoka kwenye galoni. Nyeusi ni tangi la choo, maana matangi ya maji machafu ni mawili, jeusi na la kijivu. La kijivu linapokea maji ya vyombo na kuoga. Ama hilo "kamwe", lilikuwa mwanzo wa sentensi ndefu ambayo mwisho wake niliujua kwa njia nyingine.

Sasa nieleze tatizo lenyewe, maana msomaji asiye na mkwe anaweza kudhani tatizo ni mabomba.

Gari lina urefu wa mita nane. Kwetu mtu na mama mkwe wake wakikutana njiani, mmoja anatafuta mti wa kuukagua. Miaka saba ya ndoa sikuwahi kula naye sinia moja. Leo analala kitanda cha nyuma, sisi na Idi wa miaka minne tuko kitanda cha juu ya dereva, na katikati yetu kuna choo chenye mlango mwembamba kama wa kabati la vyombo. Mtu akikohoa mle ndani unamwambia pole. Asubuhi ya kwanza tulikutana kwenye kile kiujia, kila mmoja na mswaki wake. Nikamwambia shikamoo nimegeukia friji, akaitikia marahaba amegeukia dirisha, tukapishana ubavu kama jahazi mbili mlangoni mwa mto.

Basi bila mtu kutamka, watu wazima watatu tukawa tumefunga mkataba: choo kile hakitumiki. Nani akubali mkwewe aje kumwaga alichokiacha? Tukawa tunasimama kila sheli. Barabara ya I-35 inashuka kutoka Minnesota, inapita Iowa na Missouri, inaingia Kansas, na mimi nakwambia hakuna sheli nisiyoijua. Kansas upepo ulitupiga ubavuni mpaka sufuria zikaimba kabatini, gari linakunywa lita moja kwa kilomita nne, na bado kila nusu saa naisikia sauti ya upole kutoka nyuma: "Baba Idi, hapo mbele hakuna pa kununua maji?" Chupa ya maji alikuwa nayo mkononi.

Idi peke yake ndiye aliyekitumia choo, tena kwa matangazo.

Alfajiri ya Oklahoma mama mkwe aliamka kutawadha, akafungua bomba kwa kusahau. Nikasikia "Auzubillahi!" Maji ya pinki yanamwagika kwenye sinki, yeye amerudi nyuma mpaka mlangoni. Nikamweleza kuwa ni dawa. Akayatazama, akanusa, akasema yanafanana na Vimto ya futari. Akaomba maji ya chupa.

Kumbe pale ukutani, juu ya sinki, kuna taa za kipimo cha matangi: tupu, theluthi moja, theluthi mbili, pomoni. Jioni ile nikabonyeza kitufe kwa kuchezea tu. Tangi jeusi: theluthi mbili.

Nikapiga hesabu. Idi ni mtoto wa kilo kumi na sita. Mke wangu naapa naye. Mimi najijua. Akabaki mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekaa anavuta tasbihi kwa utulivu mkubwa. Nikajisemea, usiku wa manane, sote tumelala... Sikumaliza hilo wazo, nikaona aibu. Baadaye mke wangu akanipasha kuwa usiku ule ule mamaye alimnong'oneza, "Mwanangu, mumeo anaumwa tumbo? Nimeona ile taa."

Siku ya tatu tukapita Amarillo, jioni tukalala kwenye kambi moja ya magari kabla ya Albuquerque. Nilikuwa nimemwahidi mama mkwe kuwa New Mexico ni jangwa. Jangwa ni kweli, ila lile liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Januari linaganda kama kaskazini. Tukawasha hita usiku kucha. Hita ikapasha chumba, ikapasha na sakafu, na chini ya sakafu lipo lile tangi. Alfajiri harufu ikaamka kabla yetu.

Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe, kwa adabu ya kipwani, hakulalamika. Alitoa chetezo chake kwenye sanduku akachoma udi. King'ora cha moshi kikalia. Tukajikuta nje wote wanne na mablanketi, nyuzi joto sita chini ya sifuri, kambi nzima inafungua mapazia. Nikaona siwezi tena kujificha. Kambi ilikuwa na sehemu ya kumwagia: tundu kwenye sakafu ya zege, na koki ya maji ya kusuuzia pembeni. Nikasogeza gari, nikavaa koti langu la Minnesota, lililonigharimu mshahara wa wiki, nikashika bomba la mpira.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema cha mvunguni chenyewe ni nini.

Nikainama. Naona kifuniko, na juu yake vishikio viwili vya koki, kimoja cheusi kimoja cha kijivu. Mzee wa jirani, kaptula mwilini na mbwa mkononi, akaja kusimama kando. Watu wa magari-nyumba wana tabia hiyo: mtu akigusa bomba wanatokea kama mainzi kwenye embe. Akaniuliza kama najua ninachofanya. Nikasema "yes".

Sentensi ile ya kule kwenye theluji, ukamilifu wake ni huu: kamwe usifungue kifuniko kabla ya kuhakikisha koki zote mbili zimefungwa mpaka mwisho. Ya kwangu ilikuwa imefungwa nusu. Na tangi halikuwa la Idi, wala la mama mkwe, wala la kwangu. Lilikuwa urithi wa aliyekodi kabla yetu, familia kubwa kwa ushahidi nilioupata, na mwenye gari alilitia dawa ya pinki ili lisigande. Nampa haki yake: dawa ilifanya kazi barabara. Halikuwa limeganda hata kidogo.

Nilizungusha kifuniko robo mzunguko. Hicho kilichobaki kilijizungusha chenyewe.

Cha kwanza kunijia akilini kilikuwa kukirudisha kwa mikono. Usifanye hivyo. Kifuniko hakikurudi, ila mikono ilipata. Kisha nikateleza, nikakaa. Mzee wa jirani hakupiga kelele; aliruka nyuma hatua mbili kwa wepesi wa mtu aliyeyaona hayo, akanielekeza kwa kidole: sukuma kile cheusi ndani. Nikasukuma. Ikanyamaza. Ukimya ule sijawahi kuusikia tena.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akatoka, akanitazama juu mpaka chini, na mara ya kwanza katika miaka saba hakutafuta mti wa kuukagua.

"Usisogee," akasema. "Usiguse kitu. Wala usifungue mdomo."

Mama huyu amesomesha chuo cha Kurani miaka thelathini. Akaiendea koki ya maji: imefungwa mfuko na kibao, haifanyi kazi majira ya baridi. Nikamwashiria galoni za pinki. Akakataa kwa mkono. "Yamebadilika rangi na ladha. Hayo si maji ya kutoharishia."

"Ladha umeijuaje, mama?"

Hakunijibu. Akatoa amri zisombwe chupa zote za maji ya kunywa, ishirini na nne za nusu lita. Nikasema labda nitayamamu, jangwa lote hili. Akasema, kwa sauti ya darasani, tayamamu haiondoi najisi, na kama kweli nilisoma basi nilisoma nimesinzia. Nikavuliwa koti pale pale, likaingia pipa la taka na mshahara wangu wa wiki. Akaanza kunimiminia, chupa baada ya chupa, maji ya barafu, mke wangu ameshika mlango ili asianguke kwa kicheko, Idi anahesabu kwa Kiingereza.

Tumefika chupa ya tisa, naanza kupata heshima ya binadamu, yule mbwa akachomoka. Akaja mbio, mkia juu, akaniramba mkono wa kulia kwa mapenzi yote.

Mama mkwe akaiweka chupa chini, akapumua. "Mara saba," akasema. "Moja kwa udongo." Akainama mwenyewe kuchota vumbi la New Mexico. Mzee wa jirani alitazama mama wa baibui akinisugua mkono kwa mchanga, akavua kofia. Nadhani alidhani tunaomboleza.

Nguo zangu kavu zilikuwa kwenye begi chini kabisa ya shehena, na begi lilikuwa kwenye sanduku la nje, upande ule ule wa mafuriko. Nikavikwa kanga mbili za mama mkwe, moja kiunoni, moja mabegani. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kituo cha malori kutafuta bafu. Wanayo ya kukodi kwa ajili ya madereva. Bibi wa kaunta akaisifu kanga, akauliza imeandikwa nini. Mgongoni ilikuwa imeandikwa WEMA HAUOZI. Nikamtafsiria. Akavuta hewa kidogo, akanipa taulo mbili badala ya moja. Kisha namba yangu ikatangazwa kwenye spika, madereva wote wakageuka kuona ni nani.

Baada ya hapo safari ikawa nyepesi. Tulishuka mpaka Las Cruces, tukashika I-10, na Tucson ilipokaribia yakaanza madungusi marefu yaliyonyanyua mikono kama watu walioambiwa simama. Mama mkwe akavua soksi. Quartzsite, Arizona, tulikaa siku tisa, kwenye ardhi ya serikali, dola 40 kwa wiki mbili, magari-nyumba yametapakaa jangwani kwa maelfu. Nilisuuza mabomba mpaka pinki ikaisha, nikayajaza maji ya kweli.

Pale Quartzsite lipo kaburi la Haji Ali, mtu wa Shamu aliyeletwa mwaka 1856 na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu jangwani. Alifariki 1902, na juu yake wamejenga piramidi la mawe lenye ngamia wa shaba kileleni. Jina lilishindikana vinywani mwao, kwa hiyo wameandika Hi Jolly. Mama mkwe alisoma Fatiha, kisha akalitazama lile jina kwa muda. "Hata kaburini hawakumrudishia?" Nikamwambia mimi naitwa Mwinyihatibu na kazini wananiita Winnie. Alicheka mpaka akashika jiwe la kaburi, akaomba radhi kwa mwenyewe aliyelala.

Wiki ya mwisho tukageuza kichwa kaskazini. Ilipoanza kuganda tena nikarudisha pinki kwenye mabomba, safari hii nikisoma maandishi ya kwenye galoni neno kwa neno. Zile taa za ukutani bado zilikuwa zinasema theluthi mbili. Zimesema hivyo tangu siku ya kwanza na nadhani zinasema hivyo hadi leo. Tumepita Wichita, sheli ya kwanza ikaja ikapita, ya pili ikapita, hakuna anayeuliza habari za maji ya kunywa. Nikaangalia kwenye kioo: kiti cha nyuma kitupu.

Kisha ikatoka sauti nyuma ya ule mlango mwembamba, wala haikunong'ona.

"Mwanangu! Hebu mwambie Idi anipitishie galoni. Hii Vimto yenu imekwisha."