Mnyama Mmoja, Majina Matatu

Mwaka 1791 mwanasayansi Mjerumani Gmelin alimpa jina la Patella ferruginea konokono wa bahari mwenye gamba kama kofia, anayeng'ang'ania miamba ya magharibi mwa Mediterania. Mwaka 1826 Mfaransa Payraudeau, akiorodhesha viumbe wa kisiwa cha Corsica, akampa majina mengine mawili: lamarckii na rouxii. Lamarckii ni bapa, matuta yake yametokeza ukingoni hata gamba likafanana na nyota. Rouxii ameinuka, na matuta yake ni membamba, yamesongamana. Simlaumu Payraudeau. Ukiniwekea hao wawili mezani, nami ningeapa si ndugu.

Vinasaba vilipopimwa, havikuwatenganisha. Hata hivyo watu bado wanazungumzia "maumbo mawili" kana kwamba kila konokono ana kadi ya uanachama, ilhali wapo tele wa katikati wasiojulikana waende upande gani.

Mimi naona gamba lile tulisome kama kumbukumbu ya mahali. Hukua kwa kuongezwa ukingoni, na mwenyewe akishakula mwani hurudi palepale alipotoka, hivyo ukingo hufuata mabonde na vinundu vya jiwe lake. Kuna maelezo ya siku nyingi kuhusu konokono wa aina hii ambayo nayapenda: maji yakipwa na jua likiwaka, mnyama hujibana kwa nguvu, ngozi inayojenga gamba ikavutwa ndani, na gamba likapanda juu badala ya kutanuka. Gamba refu pia huweka maji zaidi. Anayepigwa na mawimbi muda wote hana haja ya kujibana hivyo.

Sasa fikiria kumbandua ili akaokolewe kwingine. Ukingo uliochongwa kwa jiwe moja haukai vizuri juu ya jingine, unyevu unatoka, na mawimbi yanapata pa kumshika. Na tusisahau kwamba huyu huanza maisha akiwa dume, akikua mkubwa ndipo huwa jike. Kwa hiyo wanaookota wakubwa kwa chakula au chambo huwamaliza majike kwanza, ingawa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 inamlinda.

Huko Ceuta, mji wa Hispania kwenye pwani ya Afrika Kaskazini, wengi wanaishi juu ya mawe yaliyomwagwa kujenga kuta za bandari. Mawe hayo yananyanyulika. Ikibidi ahamishwe, basi ahamishwe na jiwe lake.