Takeshi Okada na ujasiri wa kumtoa mwenye jina

Mashabiki wengi wa huku kwetu wanamkumbuka Takeshi Okada kama yule kocha wa Japani mwenye miwani aliyeifunga Kameruni kule Bloemfontein mwaka 2010, na baada ya hapo hawana habari naye tena. Naona huko ni kumpunja. Hoja yangu ni kwamba ubora wa Okada haukuwa katika mbinu, ambazo mara nyingi zilikuwa za kawaida tu, bali katika uamuzi: alikuwa tayari kumtoa mchezaji ambaye nchi nzima ilitaka kumwona uwanjani, na ilipobidi aliitupa hata mipango yake mwenyewe.

Alizaliwa Osaka mwaka 1956, akasoma Chuo Kikuu cha Waseda, na mwaka 1980 akajiunga na Furukawa Electric, timu ya kampuni inayotengeneza nyaya za umeme, enzi ambazo Japani haikuwa na ligi ya kulipwa na mchezaji alihesabiwa kwanza kuwa mwajiriwa. Alikuwa beki wa aina ya wale wanaosoma mchezo mapema. Aliichezea timu ya taifa mechi 24, na alikuwamo Furukawa ilipokuwa klabu ya kwanza ya Japani kutwaa ubingwa wa klabu za Asia, msimu wa 1986. Baada ya kutundika daluga mwaka 1990 alikwenda Ujerumani kujifunza ukocha, na kufikia mwaka 1995 alikuwa msaidizi wa Shu Kamo katika timu ya taifa.

Oktoba 1997, katikati ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia, Japani ilitoka sare ya 1-1 na Kazakhstan huko Almaty, na Kamo akafukuzwa kazi wakiwa bado safarini. Timu akakabidhiwa Okada, mwenye umri wa miaka 41, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu popote. Vitisho vya kuuawa vilimfikia hadi nyumbani, na mwenyewe amesimulia kwamba alimpigia simu mkewe kabla ya mechi ya mchujo na kumwambia kuwa wakishindwa huenda wasiweze kuishi tena Japani.

Mechi hiyo ilichezwa Johor Bahru, Malaysia, tarehe 16 Novemba 1997, dhidi ya Iran. Japani ilitangulia kufunga, kisha Azizi na Daei wa Iran wakaigeuza kuwa 2-1. Dakika ya 63 ukaonyeshwa ubao wa mabadiliko, washambuliaji wawili wakitakiwa kutoka kwa mkupuo mmoja: Masashi Nakayama, aliyekuwa amefunga bao la kwanza, na Kazuyoshi Miura, mchezaji mashuhuri kuliko wote nchini humo. Miura alijinyooshea kidole kifuani kana kwamba anauliza, mimi? Alikuwa yeye. Dakika 13 baadaye Shoji Jo, mmoja wa wawili walioingia, akasawazisha kwa kichwa. Katika dakika za nyongeza akaingia Masayuki Okano, winga mwenye mbio za ajabu, akapoteza nafasi za wazi ambazo zingemfanya kocha mwingine ajute, kisha dakika ya 118 akamalizia mpira uliotemwa na kipa baada ya shuti la Hidetoshi Nakata. Bao la dhahabu, yaani lile ambalo enzi hizo lilimaliza mechi papo hapo, 3-2, na Japani ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Wako wanaoiita bahati. Lakini kocha wa muda anayewatoa washambuliaji wake wote wawili huku timu iko nyuma amekwisha kukubali kubeba lawama zote peke yake, na hilo si jambo la bahati.

Juni 1998, timu ikiwa kambini Nyon, Uswisi, ilimbidi apunguze wachezaji 25 wabaki 22. Mbele ya waandishi wa habari, akiwataja walioachwa, alilitaja jina la Kazu, yaani yule Miura, mara mbili, na Wajapani hawajaisahau siku hiyo mpaka leo. Binafsi naona alikuwa sahihi kwamba Miura wa mwaka ule hakuwa tena yule wa zamani, ingawa namna ya kumwacha ingeweza kuwa na staha zaidi. Matokeo hayakumtetea: Japani ilifungwa 1-0 na Argentina, 1-0 na Kroatia, 2-1 na Jamaika, naye akajiuzulu. Baadaye aliipandisha Consadole Sapporo daraja la kwanza, na akachukua ubingwa wa Japani mara mbili mfululizo, 2003 na 2004, akiwa na Yokohama F. Marinos.

Mwishoni mwa 2007 Ivica Osim, kocha wa timu ya taifa wakati huo, alipata kiharusi, na kwa mara nyingine Okada akaitwa kuokota timu njiani. Aliahidi nusu fainali ya Kombe la Dunia, watu wakacheka. Kuelekea Afrika Kusini mwaka 2010 timu ilipoteza mechi nne mfululizo, na baada ya kufungwa 2-0 na Korea Kusini nyumbani alimuuliza rais wa chama cha soka kama aendelee, kisha akasema alikuwa anatania. Utani gani huo, wiki tatu kabla ya Kombe la Dunia!

Hapo ndipo alipofanya kazi yake bora kuliko zote. Mtindo wa pasi fupi na kukaba juu, ambao alikuwa ameuhubiri kwa zaidi ya miaka miwili, aliuweka kando. Shunsuke Nakamura, aliyekuwa moyo wa timu, akaenda benchi. Yuki Abe akapangwa mbele ya mabeki wanne kama kiungo mkabaji, Keisuke Honda akasukumwa mbele peke yake ingawa hakuwa mshambuliaji wa kati, unahodha ukatoka kwa Yuji Nakazawa ukaenda kwa Makoto Hasebe, na golini akasimama Eiji Kawashima badala ya Seigo Narazaki. Honda aliifunga Kameruni dakika ya 39, wakati Samuel Eto'o akihangaika pembeni kulia mbali na lango, na Japani ikailinda 1-0 hiyo hadi mwisho. Ilifungwa 1-0 na Uholanzi, kisha ikaichapa Denmark 3-1, mabao mawili ya kwanza yakitokana na mipira ya adhabu ya Honda na Endo.

Wakosoaji walisema ameusaliti mpira wa Kijapani. Siwaelewi. Kosa lake nililoliona mimi lilikuja katika hatua ya 16 bora dhidi ya Paraguay, ambako tahadhari ilizidi kipimo: Kengo Nakamura, mwenye pasi za kupenya, alisubiri hadi dakika ya 81 kuingia, mechi ikaisha 0-0 baada ya dakika 120, mkwaju wa penalti wa Komano wa Japani ukagonga mwamba, na Paraguay ikasonga mbele kwa penalti 5-3.

Baada ya kufundisha klabu ya China kwa misimu miwili, mwaka 2014 alinunua hisa nyingi za FC Imabari, timu ya daraja la tano katika mji wa taulo na karakana za meli kisiwani Shikoku. Huko hafundishi kikosi cha kwanza. Wazo lake ni kwamba mtoto afundishwe kanuni za mchezo hadi karibu miaka 16, kisha aachwe huru aamue mwenyewe uwanjani, na sioni ajabu likitoka kwa mtu aliyelazimika mara mbili kuamua kila kitu kwa niaba ya wachezaji wake. Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 2023, na msimu wa 2024 Imabari ikapanda hadi J2, daraja la pili la Japani, ikiwa chini ya kocha mwingine.