Kigoma ikinuna, nani anashinda?

Kila uchaguzi ukikaribia, vijiwe vya kahawa vya Ujiji havikosi mtu anayejua matokeo. Hoja yake ni ileile: watu wamechoka, basi safari hii upinzani unapita. Na kuchoka kwenyewe hakutafutwi kwa tochi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi miezi mitatu, Mei hadi Agosti, na ukitaka kujua maana yake muulize mama anayeanika dagaa Kibirizi. Kuna na lile linalouma zaidi: Muha, mwenyeji wa mkoa huu, anafuata kitambulisho, anaulizwa babu yake alizaliwa upande gani wa mpaka.

Historia inambeba mtabiri wetu. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 aliushinda mgombea wa CCM, lakini Dk. Aman Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani na matokeo yakabatilishwa, upendeleo wa Redio Tanzania ukiwa miongoni mwa sababu. Kisha ikaja 2010. Kati ya majimbo 8 ya mkoa, upinzani ulibeba 5: Zitto Kabwe wa CHADEMA kule Kigoma Kaskazini, na manne ya NCCR-Mageuzi, chama ambacho nje ya Kigoma hakikuambulia jimbo hata moja.

Sasa tazama 2015. Kama kuna mwaka hasira ilifurika nchini ni huo. Lowassa, mgombea wa upinzani, alipata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Kigoma nako NCCR ikapoteza yote manne. Watu hawakuwa wameanza kuipenda CCM. Ila UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani uliokuwa na CHADEMA na NCCR, ilikuwa upande huu, ACT-Wazalendo, chama kipya cha Zitto, upande ule, na kura za walionuna zikagawanywa. Zitto akapona Kigoma Mjini, jimbo pekee la ACT nchi nzima. (Tafiti za maoni kabla ya uchaguzi hazikusaidia sana: shirika la Twaweza lilimpa Magufuli wa CCM asilimia 65, akapata 58. Na simu zilizopigwa nchi nzima zitakuambia nini kuhusu Kasulu?)

Kundi la pili kijiweni halipigi hesabu. Linasema mshindi anajulikana kabla ya kura. Siwacheki. Mwaka 2020 wapinzani walilalamikia wagombea kuenguliwa na mawakala kuzuiwa, na Zitto akatangazwa kushindwa na Kilumbe Ng'enda wa CCM. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi za kura, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza ushindi wa urais wa CCM wa karibu asilimia 98. Ukimwambia kijana wa Gungu akapange foleni baada ya hapo, uwe na jibu la maana.

Hata hivyo wana shimo lao. Kama kila kitu hupangwa, 2010 ilipitaje? CCM ilikuwa ileile na dola ileile. Nadhani tofauti ni kwamba upinzani wa wakati ule ulikuwa na watu wa kukaa kituoni mpaka fomu za matokeo zisainiwe, na dola ilikuwa na aibu zaidi kidogo kuliko sasa. Hilo la pili halimo mikononi mwa mpiga kura. La kwanza limo, kwa sehemu.

Kinachonishangaza ni jinsi hasira ilivyopata mlango mwingine. Ng'enda, aliyemwangusha Zitto, hakurudishwa na chama chake 2025. Aliyesimamishwa ni Baba Levo, msanii ambaye zamani alikuwa diwani wa ACT, na ndiye akatangazwa mbunge. Mjini pamebadilishwa sura bila kubadilishwa chama. Wapo wanaoona hilo ni ushindi wa wananchi. Mimi naliona ni chama kilichojifunza kusoma nyuso kabla ya wapinzani wake.

Kwa hiyo mwaka 2030 sitasikiliza utabiri wa mtu anayeanza na umati wa mkutano wa Mwanga, hapa Kigoma mjini. Picha za umati ninazo tangu 2010. Anionyeshe kwanza mawakala wake wa Kalya na Buhingu, kule mwambao wa kusini, na nani atawalipia nauli ya kurudi na fomu.