Makataa ya Saa Tatu

Marehemu baba mkwe wangu alikuwa profesa wa historia, na katika vita vyote alivyovijua, alivyovipenda ni vile vifupi kuliko vyote: vita vya Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896. Vita vyenyewe havikufika saa moja. Yeye alivifundisha wiki nzima, na siku ya mwisho analalamika kwamba muda haukutosha.

Kisa chenyewe kila aliyepita mikononi mwake anakijua. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akajitwalia kasri bila kuwauliza Waingereza. Nao wakampa makataa: ikifika saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Khalid akakaidi. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga mizinga. Kabla ya saa nne mambo yalikuwa yamekwisha.

Basi mzee akaigeuza saa tatu kuwa katiba. Mihadhara yake ilianza saa tatu asubuhi, dakika mbili baadaye mlango unafungwa, na anayechungulia anajuta kuzaliwa. Nyumbani nako, saa tatu usiku watoto wote kitandani, ila kwanza awasimulie kidogo. Mke wangu anasema walijua Khalid alikimbilia wapi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nilipoitwa kujitambulisha niliambiwa saa tatu. Nilifika mapema mno, nikazunguka ile nyumba mpaka mbwa wa jirani akachoka kunibwekea.

Mtu pekee aliyekuwa juu ya sheria hiyo ni mama mkwe. Akipiga simu, hata kama manowari ziko katikati ya kazi, vita vinasimama mpaka Mama amalize.

Siku ya kumkumbuka mzee, shemeji yangu, kifungua mimba wa nyumba ile, alikuja na wazo zuri. Mwanafunzi mmoja wa zamani alikuwa amerekodi mhadhara, akampa. Shemeji akasema tutaweka sauti ya Baba kidogo, dakika moja tu, kisha mgeni rasmi azungumze. Alikuwa amesikiliza mwanzo wake, akaridhika. Mimi nisingemlaumu, sauti ya mzazi aliyetangulia si kitu cha kukaa unakipekua mpaka mwisho.

Mgeni rasmi akachelewa. Mtu mkubwa siku hizi, ana dereva na mtu wa kumbebea mkoba, lakini naye alikaa kwenye madawati ya mzee kama sisi. Mshereheshaji alipoona watu wameanza kupiga miayo, akamkonyeza shemeji: weka.

Sauti ikajaa ukumbini. Mzee yuko kwenye makataa, anakwenda taratibu, watu wanafuta machozi. Wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguliwa, mgeni rasmi huyo, anatembea kwa vidole.

"Wewe!" spika zikanguruma. "Simama hapohapo!"

Akasimama. Mbebaji mkoba akamgonga mgongoni.

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Nakwambia yule bwana alitazama saa yake. "Saa nne kasoro, Profesa," akajibu, tena kwa sauti ya kitoto.

"Wakati huu Khalid keshakimbia, meli ya Sultani, Glasgow, inazama bandarini, wewe ndiyo kwanza unatafuta kiti!"

Shemeji alirukia mitambo kuzima. Mama akamdaka shati. "Mwache baba yako amalize."

"Haya, Khalid alikimbilia wapi?"

"Ubalozi mdogo wa Ujerumani!" Ukumbi mzima, wazee wenye mvi, kwa pamoja.

"Halafu?"

"Saint Helena!" akapaza mmoja wa mbele, kifua mbele kabisa.

"Acheni kuruka! Wajerumani walimpeleka Dar es Salaam kwanza. Saint Helena ni baada ya Waingereza kumkamata, 1916!"

Inaonekana kila kizazi cha wanafunzi wake kiliruka palepale. Aliyejibu alikaa chini akijifuta jasho, na mgeni rasmi, bado amesimama katikati ya njia, alitikisa kichwa kumsikitikia.

Ndipo kwenye rekodi simu ikalia. "Samahanini, serikali inapiga," mzee akasema, na sauti ikabadilika, ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Naam, mama watoto. Viatu vya nani? Viko chini ya kitanda. Angalia vizuri. Upande wangu. Haya, mwambie asilie, nikirudi tutatafuta wote."

Hapo hata waliokuwa wakilia walicheka, na waliokuwa wakicheka wakalia, sikuweza kuwatofautisha. Mzee akakohoa, akarudi vitani: "Na wewe, kaa. Kesho ukichelewa nafunga."

Mgeni rasmi akakaa kwenye kiti cha karibu, mstari wa nyuma kabisa, ingawa chake cha heshima kilikuwa mbele. Hotuba yake aliyoibeba mkobani hakuitoa. Alisema maneno machache, akatazama saa, akashuka.

Mama ndiye aliyeomba kipaza sauti bila kuwa kwenye ratiba.

"Niwaambie ukweli," akasema. "Vile viatu havikuwa chini ya kitanda. Vilikuwa ndani ya gari lake, kaondoka navyo."