Isale halimhusu mtoto

Jumamosi alfajiri nilipigiwa simu nipande Kibosho, kuna kikao cha ukoo. Nikajua ni ule mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba. Kumbe tumeitiwa binti wa miaka tisa. Aliyemfanyia unyama jana yake jioni ni ndugu yetu, mtu mzima, na nilimkuta ameshafika, ameshika jani la isale, ambalo kwetu Uchagani ndilo la kuombea msamaha. Mzee akasema, "Isale halikataliwi." Mama wa mtoto akalipokea macho chini. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaanza kuzunguka. Mtoto mwenyewe alikuwa jikoni anachambua maharage. Hakuna aliyemwita.

Isale naliheshimu. Nimeona ndugu wawili walioshikiana mapanga kwa ajili ya migomba wakipatanishwa na jani hilo, na mpaka leo wanasalimiana. Lakini isale humpatanisha aliyekosa na aliyekosewa. Siku ile aliyekosewa alikuwa jikoni, na watu wazima wakasameheana wao kwa wao.

Kosa hili si mali ya ukoo. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mama hawezi kuifuta, wala mjomba, wala mzee mwenye kiti chake. Kinachofanyika ni kuinyima mashahidi. Siku ya kesi mama anaumwa, mtoto amehamishiwa kwa shangazi Tanga, hakimu anaahirisha, anaahirisha tena, mwisho mtuhumiwa anarudi kijijini na kukaa benchi lile lile kanisani. Wazee wanajua kwamba kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Ndiyo maana kikao kiliitwa kwa haraka vile.

Nilipotaja polisi nikaulizwa, "Mtoto ataongea nini mbele ya hakimu?" Ataongea kilichompata! Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi akiahidi kusema kweli, na kwa makosa ya kujamiiana mahakama ikiridhika anasema kweli inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto huyo peke yake. Mahakama iko tayari kumsikiliza. Sisi damu yake hatukumuuliza hata kama anaumwa.

Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa azifikishe serikali za mitaa. Yeyote, maana yake kila aliyeshika kata ya mbege siku ile.

Najua kushuka mjini ni nauli, na najua kuna askari niliyemsikia mwaka jana akimhoji mama mambo ya aibu pale kaunta, watu wamejaa. Inauma, na lazima ikome. Lakini Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, ofisa ustawi wa jamii yupo, na 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto, unapiga bure.

Nilipiga usiku ule ule. Jumapili kabla ya misa ya kwanza simu yangu ikaita. Alikuwa mama wa mtoto, ananong'ona.

"Shemeji, nilishamwogesha. Nguo nazo nimefua. Sasa si ndiyo basi tena?"

Nikamwambia si basi. Dawa ya kumkinga na VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na muda tunao. Avae, ninakuja.

Tukateremka hospitali ya Mawenzi, Moshi mjini, mtoto katikati yetu, amejifunika kitenge cha mama yake mpaka kichwani.